Ribiti za Plastiki za Kufungia Paneli: Mwongozo Kamili kwa Karakana na Viwanda vya Dar es Salaam

Mafundi wengi wa Dar es Salaam wameifahamu ribiti ya plastiki kupitia magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo bampa zake, vikinga matope vyake na mapambo ya ndani ya milango yake hushikiliwa na vifungio hivyo kwa makumi. Moja ikivunjika, fundi huenda Ilala au Gerezani akiwa na kipande mkononi, hulinganisha kwa jicho, hununua inayofanana na kurudi kazini. Kwa gari moja njia hiyo inatosha. Kiwanda kinachotengeneza maboksi ya magari, kabati za umeme, mifereji ya hewa au majokofu ya dukani hakiwezi kufanya hivyo, kwa sababu kosa la sehemu ya kumi ya milimita katika kiolezo kimoja hurudiwa katika kila tundu la kila bidhaa itakayotoka siku hiyo, na huenda lisionekane mpaka bidhaa imekaa juani kwa wiki kadhaa mikononi mwa mteja.

Nguvu ya ribiti ya plastiki huamuliwa kabla ribiti yenyewe haijashikwa. Huamuliwa na kipenyo cha tundu, na unene halisi wa vitu vinavyofungwa pamoja, na joto ambalo paneli itapambana nalo. Ili hesabu zake zionekane zikifanya kazi, mwongozo huu unafuata mfano mmoja: kufunika kwa ndani boksi la gari la mizigo kwa paneli za polipropilini (aina ya plastiki) zenye unene wa mm 3 na urefu wa mm 2,400 kwa upana wa mm 1,200, zikifungwa kwenye fremu ya chuma yenye unene wa mm 1.2. Ni kazi ya kawaida kwa karakana za Vingunguti na zilizo kandokando ya Barabara ya Nyerere, na ina karibu kila tatizo ambalo kazi nyingine zinaweza kuleta.

Kuamua kama ribiti ya plastiki inafaa

Sababu ya kwanza ya kuichagua ni kutu. Upepo wa chumvi kutoka Bahari ya Hindi hula skrubu za chuma hata zilizopakwa zinki, na michirizi ya rangi ya kahawia kwenye paneli nyeupe ni malalamiko ambayo kila mtengenezaji wa maboksi ameyasikia. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu haimalizi tatizo ikiwa imefungwa kwenye alumini, kwa kuwa metali hizo mbili zikikutana palipo na maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, na tundu hupanuka kidogokidogo kuzunguka skrubu ambayo yenyewe ingali inang'aa. Plastiki haishiriki katika mgongano huo. Zaidi ya hayo, haikwaruzi rangi, haipitishi umeme, hupunguza kelele za paneli barabarani, na ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ya nailoni ina uzito wa takribani gramu 1.14, wakati ile ya alumini ni gramu 2.70 na ya chuma ni gramu 7.85.

Mipaka yake nayo lazima iheshimiwe. Ribiti ya plastiki haifungi kitu ambacho kikiachia kitamdhuru mtu: viti, mikanda ya usalama, vishikio, ngazi, bawaba za milango mizito, au kiungo chochote cha fremu yenyewe. Haikai karibu na bomba la moshi wala injini bila kinga. Nailoni 66 huyeyuka karibu na nyuzijoto 260 za Selsiasi, lakini hupoteza nguvu mapema zaidi, na isiyoongezewa kemikali za kuhimili joto haipaswi kukaa muda mrefu katika joto linalozidi nyuzi 80 hivi. Tena, plastiki yoyote iliyo chini ya mvuto wa kudumu hunyooka na kulegea polepole hata kama mvuto huo ni mdogo kuliko ule wa kuivunja papo hapo. Kwa hiyo paneli iliyokunjwa kwa nguvu ili ifuate umbo la fremu, nayo inataka kurudi ilivyokuwa kila saa, isifungwe kwa ribiti za plastiki peke yake.

Wanaotengeneza kabati za umeme wazingatie jambo moja zaidi. Sifa ya kutopitisha umeme, ambayo ni faida kubwa mahali pengine, humaanisha kwamba kifuniko cha chuma kilichofungwa kwa ribiti za plastiki kimekatwa kutoka kwenye waya wa ardhi wa kabati. Kifuniko hicho kikiguswa na waya uliochubuka, hakuna njia ya umeme kwenda ardhini isipokuwa mwili wa mtu atakayekishika. Kila kifuniko cha chuma cha namna hiyo lazima kiunganishwe na fremu kwa waya wake wa ardhi, uliofungwa kwa boliti ya chuma, hata kama mchoro wa mteja haukuuonyesha.

Kuchagua aina

Aina ni nyingi, lakini kazi nyingi za paneli hutimizwa na chache tu. Ya kwanza ni ribiti ya pini ya kusukuma: shina lenye miguu huingizwa tunduni, kisha pini ya katikati husukumwa mpaka ilingane na kichwa, na miguu hutanuka nyuma ya bati. Hufungwa kutoka upande mmoja tu, na nyingi za aina hii hufunguka bila kuharibika. Kwa boksi letu, ambalo upande wa nyuma wa fremu haufikiki baada ya bati la nje kuwekwa, hii ndiyo chaguo langu.

Ya pili ni ribiti ya kuvuta, inayofanana kimatumizi na ribiti ya alumini: bunduki ya ribiti huvuta msumari wa katikati, na shina hujikunja au kupasuka katika miguu kadhaa nyuma. Hubana vizuri, ila haifunguki isipokuwa kwa kutobolewa. Ya tatu ina vipande viwili, dume na jike, vinavyokutana kutoka pande mbili. Baadhi yake zina meno kama ya mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya, hivyo fundi husukuma mpaka unene wowote ulio ndani ya kipimo chake. Hiyo hufaa maboksi ya kadibodi ngumu, mabango na paneli laini ambazo unene wake hubadilikabadilika. Ya nne ni klipu yenye mapezi laini yaliyopangwa kwenye shina, ambayo husukumwa tu tunduni bila pini. Ni ya haraka na rahisi, lakini ushikaji wake ni dhaifu kuliko wa aina nyingine. Inatosha kwa kushikilia zulia au sponji, na nisingeiweka darini.

Kuchagua plastiki kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam

Hapa ndipo ununuzi wa jicho hushindwa kabisa, kwa sababu ribiti tatu zenye umbo moja zinaweza kuwa za plastiki tatu tofauti.

Nailoni 66 ndiyo ya kawaida. Ina nguvu na uvumilivu wa kupigwapigwa, lakini hunywa maji kutoka hewani. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hufikia takribani asilimia 2.5 ya uzito wake, na ikilowekwa mpaka ishibe hufikia karibu asilimia 8.5. Ikiwa kavu kabisa, kama inavyotoka kwenye mashine ya kufinyanga, ni ngumu lakini huvunjika kwa urahisi inapokunjwa. Ikiisha kunywa maji huwa laini zaidi, hustahimili mapigo, na huvimba kidogo. Hewa ya jiji letu, ambayo unyevu wake huwa juu sana asubuhi nyingi za mwaka, hulainisha nailoni yenyewe bila msaada. Tatizo hutokea pale ambapo pakiti imefungwa tangu kiwandani ikiwa kavu, kisha ikafunguliwa dakika hiyohiyo ya kazi, au ribiti zimehifadhiwa katika chumba chenye kiyoyozi. Miguu ikikatika wakati wa kusukuma pini, kabla ya kumlaumu muuzaji, loweka ribiti chache katika maji ya uvuguvugu kwa saa kadhaa, zikaushe kwa kitambaa na ujaribu tena. Mara nyingi hiyo ndiyo tiba.

Asetali hunywa maji kidogo sana, hivyo vipimo vyake havibadiliki kati ya kiangazi na masika, na miguu yake hurudi vizuri ilivyokuwa baada ya kukunjwa. Huifaa kazi inayohitaji kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Adui yake ni asidi kali na klorini, kwa hiyo isiwekwe kwenye vifaa vya kutibu maji ya bwawa la kuogelea. Nailoni nayo huharibiwa na asidi kali. Kwenye kisanduku cha betri za asidi, ziwe za gari au za sola, ambamo mvuke wa asidi unaweza kuwepo, polipropilini ni salama zaidi. Polipropilini hiyohiyo, kwa upande mwingine, huwa dhaifu kwa mapigo joto linaposhuka karibu na nyuzi sifuri, na hilo ni muhimu kwa wanaotengeneza maboksi ya kubebea samaki na nyama zilizogandishwa.

Jua ni suala linalojitegemea. Mionzi ya urujuanimno huvunja nyuzi za nailoni ya kawaida ya rangi ya maziwa. Uso wake huwa na unga, kisha hupasuka nyufa ndogo, na hatimaye kichwa hudondoka kikiacha shina tunduni. Ribiti nyeusi zenye kaboni nyeusi ndani yake hudumu zaidi, kwa sababu kaboni hiyo huzuia mionzi isipenye. Kwa chochote kitakachokaa nje, agiza nyeusi inayotajwa waziwazi kwenye karatasi ya vipimo kuwa inahimili jua, kwani si kila rangi nyeusi ni kaboni. Mteja akitaka ribiti nyeupe nje kwa ajili ya urembo, aelezwe gharama ya kuzibadilisha kabla hajasaini.

Kwa kabati za umeme, tazama daraja la kuungua moto. Nailoni 66 ya kawaida mara nyingi hupewa daraja V-2 katika UL 94, kiwango cha kupima plastiki inavyowaka, na zilizoongezewa kemikali za kuzuia moto hufikia V-0. Mchoro ukidai V-0, ribiti ya V-2 haikubaliki hata kama inaingia tunduni bila shida.

Kupima unene

Kila ribiti ina unene wa chini na wa juu inaoweza kubana, na kipimo hicho kiko kwenye karatasi ya mtengenezaji pamoja na kipenyo cha tundu na cha kichwa. Muuzaji asiye na karatasi hiyo hawezi kuhudumia kiwanda.

Usichukue unene ulioandikwa kwenye risiti ya paneli. Pima kwa venia (kipimo chenye mataya) katika pembe nne na katikati, kwa sababu paneli inayouzwa kuwa ya mm 3 inaweza kuwa mm 2.8 upande mmoja na mm 3.2 upande mwingine. Kisha jumlisha kila kitu kitakachokuwa kati ya kichwa na miguu. Katika mfano wetu kuna polipropilini mm 3.0, chuma mm 1.2, na rangi ya unga, inayookwa tanurini, ya mikroni 80 pande zote mbili za chuma, yaani mm 0.16. Kuna pia utepe wa sponji unaozuia kelele, ambao una unene wa mm 3 ukiwa huru lakini hubanwa mpaka mm 1. Kinachohesabiwa ni ile mm 1. Jumla ni mm 5.36. Ribiti inayobana kati ya mm 4.5 na 6.0 inafaa, kwa kuwa hata paneli ikizidi au ikipungua kidogo bado tumo katikati ya kipimo. Ribiti ya mm 3.0 hadi 5.4, ingawa kwa hesabu inatosha, ingeshindwa kwenye kila paneli iliyo nene kidogo: miguu ingefungukia ndani ya tundu badala ya nyuma yake, na pini ingeingia kwa shida huku fundi akidhani anahitaji tu kupiga kwa nguvu zaidi.

Kupanga matundu na kuacha nafasi ya joto

Sehemu hii ndiyo inayotofautisha boksi linalodumu na lile linalorudishwa, hivyo ifanywe kwa utulivu mezani kabla ya drili kuguswa.

Anza na umbali kutoka ukingoni. Kwenye chuma, kiini cha tundu kikae angalau mara mbili ya kipenyo chake kutoka ukingoni; kwenye plastiki, mara tatu. Kwa tundu la mm 6.5 la mfano wetu hiyo ni takribani mm 20. Nafasi kati ya ribiti na ribiti hutegemea ugumu wa paneli. Kwa paneli ya mm 3, mimi huanza na mm 150 kuzunguka kingo na mm 300 kwenye mihimili ya ndani, kisha hubonyeza paneli ya majaribio kwa kiganja katikati ya ribiti mbili; ikiinuka na kupiga kelele, naongeza.

Sasa joto. Mita moja ya polipropilini hurefuka takribani mm 0.12 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na mita moja ya chuma hurefuka mm 0.012 tu, yaani mara kumi pungufu. Boksi lililofungwa na kuegeshwa juani mchana wa Februari linaweza kupata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile la karakanani asubuhi lilipofungwa paneli. Paneli ya mm 2,400 itarefuka karibu mm 8.6, na fremu karibu mm 0.9. Tofauti ya takribani mm 7.8 lazima iende mahali fulani. Paneli ikiwa imeshikwa katika matundu ya duara yanayobana kila mahali, itajikunja kama wimbi na kuvuta vichwa vya ribiti, na kila siku ya jua itarudia mvuto huo.

Watu hudhani paneli ya darini huanguka kwa uzito wake. Hesabu inakanusha. Paneli yetu ina ujazo wa lita 8.64, na kwa kuwa lita moja ya polipropilini ina uzito wa takribani kilo 0.9, paneli nzima haifiki kilo 8. Ikigawanywa kwa ribiti 50, kila moja inabeba chini ya gramu 160. Hata mashimo ya barabarani yakiuzidisha mzigo huo mara kadhaa, bado ni mdogo. Kinachong'oa ribiti ni kutanuka kwa paneli isiyopewa nafasi.

Dawa ni kuwa na sehemu moja tu isiyosogea. Toboa tundu la duara katikati kabisa ya paneli, kwenye mhimili wa kati, na hilo ndilo litakaloshika paneli mahali pake. Matundu mengine yote ya paneli, siyo ya fremu, yawe marefu, yakielekea lilipo tundu hilo la katikati. Kwenye ncha ya urefu, paneli itasogea nusu ya mm 7.8, yaani mm 3.9. Shina lina mm 6.5, ongeza mm 3.9 na mm 1.6 ya ziada, upate tundu refu la mm 12, na upana wake uwe mm 7 ili shina lisibanwe ubavuni. Kadiri unavyokaribia katikati, urefu unaohitajika hupungua, ingawa katika uzalishaji ni rahisi zaidi kutumia kipimo kimoja kwa matundu yote.

Kuna jambo dogo ambalo hukosewa hata na waliotoboa matundu marefu ipasavyo. Paneli inapopata joto husogea kwenda nje, na ribiti iliyomo kwenye fremu hubaki ilipo. Kwa hiyo, ukitazama ndani ya tundu, ribiti huonekana kama inaelekea katikati ya paneli. Ukifunga asubuhi kukiwa na ubaridi, weka ribiti karibu na mwisho wa nje wa tundu, ili nafasi tupu ibaki upande wa katikati. Ukifunga mchana paneli ikiwa tayari ina joto, fanya kinyume chake. Ribiti ikiwekwa upande usiofaa, tundu refu halina msaada wowote.

Kichwa kilifunike tundu hilo lote. Ribiti ikikaa mwisho wa nje, tundu la mm 12 linabaki na mm 8.75 kutoka kiini cha ribiti kuelekea ndani, kwa hiyo kichwa cha mm 18 kinalifunika kwa robo ya milimita tu. Chagua kichwa cha mm 20. Kati ya paneli moja na inayofuata acha pengo la mm 8 hivi, lifunikwe kwa ukanda wa plastiki uliofungwa kwenye fremu peke yake.

Kutoboa

Tengeneza kiolezo cha bati la chuma la mm 3 chenye matundu madogo ya kuongozea, na utumie kiolezo hichohicho kwa paneli na kwa fremu. Kupima kila paneli upya kwa futi ni kukaribisha makosa yasiyofanana.

Biti ya kawaida kwenye bati jembamba hutikisika na kuacha tundu lenye pembe tatu hivi, na mara nyingi kubwa kuliko biti yenyewe. Kwa chuma cha mm 1.2 tumia biti ya ngazi (ambayo kipenyo chake huongezeka hatua kwa hatua), au tanguliza biti ya mm 3 kisha umalizie na kubwa, huku ubao ukiwa umebanwa nyuma. Kwa plastiki, biti iwe kali na mwendo wa drili uwe wa chini. Mwendo mkubwa huyeyusha polipropilini, na uchafu uliogandia ukingoni hupunguza tundu. Akriliki na polikaboneti zidrilishwe taratibu zaidi, bila kusukuma mwishoni, na zisiguswe na mafuta ya kukatia chuma wala thina, kwa kuwa kemikali hizo huzipasua nyufa zinazoonekana baadaye sana, wakati mwingine baada ya bidhaa kuuzwa.

Baada ya kutoboa, ondoa makali kwa kuzungusha biti kubwa kwa mkono nusu mzunguko tu. Usichonge mteremko mpana upande wa nyuma, kwa maana miguu ya ribiti inahitaji ukingo wa kushikia. Kisha fagia vipande vyote vya chuma. Chembe moja iliyonaswa kati ya paneli na fremu itashika kutu kwa unyevu wa masika na kutoa doa ambalo hakuna sabuni itakayolitoa.

Mahali ambapo rangi huharibu hesabu

Fremu ya chuma hupakwa rangi ya unga baada ya kutobolewa, na rangi hiyo huingia tunduni. Mikroni 80 kila upande wa tundu ni mm 0.16 kwa kipenyo, hivyo tundu la mm 6.5 lililopimwa vizuri kabla ya rangi linarudi likiwa na mm 6.34. Fundi wa kufunga hulikuta limekaza, hulipanua kwa kuzungusha biti ndani yake, na kwa kufanya hivyo huikwangua rangi mahali ambapo maji yatatua. Badala yake, toboa mm 6.7 kabla ya rangi ili ubaki na mm 6.54, au ziba matundu kwa vizibo vya silikoni vinavyohimili joto la tanuri. Wasiliana na anayepaka rangi ujue unene wake halisi, kwa kuwa wengine hufika mikroni 120 pembeni, na hapo hesabu hubadilika.

Kupima tundu kwa kasi inayofaa uzalishaji, chukua mashina laini ya biti mbili mpya uliyoyapima kwa venia: la mm 6.5 lazima lipite bila kulazimishwa, na la mm 6.7 lisipite. Yafungwe kwenye kamba mezani, na msimamizi ayatumie baada ya rangi, siyo kabla peke yake.

Kufunga

Kazi hii inahitaji watu wawili kwa paneli ya darini. Mmoja anaishikilia kwa boriti yenye kitambaa juu yake, mwingine anafunga. Bandika sponji kwenye fremu, inua paneli, na uanze na tundu la duara la katikati. Kisha funga pembe nne, ukihakiki kila ribiti iko upande sahihi wa tundu lake refu, na baada ya hapo endelea kutoka katikati kwenda nje. Ukianza pembeni na kurudi katikati, utafunga uvimbe ndani ya paneli.

Ribiti iingie kwa kidole gumba. Ikihitaji nyundo kabla hata pini haijasukumwa, tundu ni dogo. Ikitikisika na kuzunguka ovyo, ni kubwa. Pini isukumwe ikiwa imenyooka, kwa gumba au kwa nyundo ya mpira, mpaka ilingane na uso wa kichwa. Hapo isimame. Katika aina nyingi, pini ikizama kupita kichwa huiachia miguu irudi badala ya kuitanua, na ribiti inayoonekana imefungwa kwa uthabiti kupita zote huwa ndiyo ambayo haijashika chochote.

Kukagua

Kwa ribiti za mwanzo za kila zamu, tazama nyuma kwa kioo kidogo na tochi kabla ya bati la nje kuwekwa: miguu yote iwe imefunguka sawasawa na kukalia ukingo wa chuma. Katikati, paneli isicheze. Kwenye matundu marefu, paneli isukumwe kwa viganja. Isogee kidogo kwa ugumu. Isiposogea kabisa, kipimo cha kubana ni kifupi mno na tundu refu halitafanya kazi yake.

Nguvu ya kung'oka ipimwe kwa vipande vya majaribio. Kata polipropilini na chuma kilichopakwa rangi, kila kimoja cha mm 100 kwa 100, vifunge kwa ribiti moja, shika chuma kwenye jiliwa, na uvute plastiki kwa ndoano iliyofungwa kwenye mizani ya kuning'iniza. Kilo moja kwenye mizani ni takribani nyutoni 9.8, hivyo utaweza kulinganisha na karatasi ya mtengenezaji. Andika kilo zilizosomeka ribiti ilipoachia, na kile kilichoachia: kichwa, miguu, au paneli yenyewe. Rudia kwa vipande vilivyolowekwa majini usiku kucha, na kwa vingine vilivyopashwa mpaka nyuzi 60. Chukua matokeo ya chini kuliko yote, na usiruhusu mzigo wa kudumu wa kila ribiti uzidi robo yake. Jaribio hili hugharimu nusu siku, na lirudiwe kila muuzaji anapobadilika hata kama umbo la ribiti halikubadilika.

Kufungua na kubadilisha

Kabla ya kufungua, tambua aina ya pini. Zile ambazo pini yake hufungua kwa kuzama, isukume kwa kitu chembamba milimita chache tu, kisha vuta kichwa. Ukiisukuma sana itadondokea ndani ya ukuta na kubaki ikigongagonga. Zile zenye ufa pembeni mwa pini hunyanyuliwa pini kwanza kwa bisibisi bapa, halafu shina hutoka. Kifaa chenye ncha mbili cha kung'olea klipu kitumike chini ya kichwa, kikiwa na kipande cha plastiki chini yake ili paneli isichubuke. Ribiti ya kuvuta hutobolewa kichwa kwa biti yenye kipenyo cha shina, kwa mwendo mdogo, na kichwa kishikwe kwa koleo kisizunguke na biti.

Ribiti iliyokaa kazini kwa miaka miguu yake imeshazoea umbo la kutanuka, kwa hiyo badilisha kwa mpya. Tundu la fremu likiwa limepanuka, chukua ribiti ya ukubwa unaofuata na upanue pia tundu refu la paneli kwa kipimo hichohicho, huku ukihakikisha kichwa bado kinafunika. Gundi isitumike kujaza tundu, kwa kuwa baadhi ya gundi hupasua plastiki na zote huondoa ule uhuru wa kusogea.

Unapokabidhi boksi, acha ribiti za akiba ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, nyuma ya kiti cha dereva, ukiwa na karatasi iliyoandikwa kipenyo cha tundu, unene unaobanwa, aina ya plastiki na namba ya toleo. Fundi atakayelitengeneza gari hilo huko Mbeya au Mwanza hatalazimika kulinganisha kwa jicho.